Kiti Kilichogeuka Kijani

Watu wenye akili zao timamu, wakishika kalamu, huchora watu. Wengine huchora ndege, au maua, au milima ambayo hawajawahi kuipanda. Mzee wetu huyu alichora viti. Viti vitupu: kigoda cha fundi viatu wa pale kwenye kona, kiti cha kuzunguka cha kinyozi chenye ngozi iliyochanika pembeni, benchi la kumsubiria daktari wa meno. Ukimuuliza kwa nini hakuwachora wenye viti, alikujibu kwamba watu hutikisika. Mtaa mzima ulimwita Bwana Viti, naye aliliitikia jina hilo kwa heshima zote, kana kwamba amepewa na serikali.

Maisha yake ya kazi yote aliyamalizia ofisi ya ramani, akichora mipaka ya viwanja kwa wino mweusi, mpaka siku ilipoletwa kompyuta iliyofanya kazi ya chumba kizima bila kudai likizo. Akaagwa kwa hotuba fupi na saa ya ukutani. Saa ilikufa haraka, lakini mkono wake ulikataa kustaafu, na ndipo viti vilipoanza. Alivichora kwenye karatasi kubwa, kisha akavichapisha kwenye kadi ndogo zinazoenea kiganjani, nyeusi kwa nyeupe. Rangi aliichukia. Alisema rangi ni ya watu wasiojua kuangalia.

Kadi hizo zilitoka kwenye printa ndogo, ile inayonunuliwa na watu wa kuchapisha barua za kuomba kazi. Hakujiuliza ndani yake mna wino wa namna gani. Wino ni wino, alisema, na hii ilikuwa kauli ya mtu aliyeshinda na wino tangu ujana wake. Majirani walizinunua, wakawapelekea ndugu zao wa mbali, na kichwa cha Bwana Viti kikavimba taratibu.

Kilinywea siku alipokuja fundi cherehani wa nyumba ya tatu.

Mama huyu alikuwa mjane. Marehemu mumewe, mtu wa maneno machache na kikohozi kingi, alizoea kukaa nje ya chumba cha ushonaji, chini ya dirisha, kwenye kiti cha mbao chenye mguu mmoja uliofungwa waya. Kazi yake ilikuwa kumtungia mkewe uzi kwenye sindano. Alipofariki, kiti kilibaki palepale nje, na mvua na mchwa wakakimaliza. Kilichosalia ni kadi ya Bwana Viti. Sasa mjane aliitoa mkobani, akaiweka mezani, na Bwana Viti akaitazama kazi ya mikono yake. Weusi ulikuwa umetoroka. Kiti kilikuwa cha kijani, kijani cha maji ya bwawa, na ule mguu wenye waya haukuonekana kabisa.

Mjane hakulalamika. Angelalamika ingekuwa nafuu. Alieleza tu kwamba mvua zikianza binti yake atakuja kumchukua akaishi naye, huko mbali, na kwamba anaomba, kama si usumbufu, jirani yake apitishe kalamu juu ya mistari ili mguu uonekane tena.

Bwana Viti aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Apitishe kalamu juu ya kazi yake mwenyewe, kama mtoto wa chekechea anayefuatisha herufi! Akamwambia aache hayo. Atamtengenezea kadi nyingine, nyeusi tii, na itabaki nyeusi hata wao wawili wakishazikwa. Mjane akamwamini, akashukuru, akaenda zake. Bwana Viti alibaki pale mezani na ahadi yake.

Tangu siku hiyo nyumba yake haikuwa na amani. Chakula kilipoandaliwa, yeye alizungumza printa. Mkewe alipomwambia bomba la jikoni linavuja, aliuliza linavuja wino au maji. Mwishowe mkewe akamshauri aende dukani, angalau akawachoshe watu wanaolipwa mshahara kwa kuchoshwa.

Binti wa duka la mashine alikuwa na tabia mbaya sana kwa biashara: alisema kweli. Aliigeuzageuza ile kadi ya kijani, akamweleza kwamba printa yake ya nyumbani ilikuwa inamdanganya. Ikitaka kijivu, huchanganya rangi zake zote kidogo kidogo, na jua likipiga, wekundu hutangulia kukimbia, kinachobaki ni kijani. Kwa hiyo Bwana Viti, adui wa rangi, alikuwa akiuza rangi muda wote huo bila kujua. Tena ule wino wenyewe ni wa maji, umeyeyuka kama sukari kwenye chai. Anachohitaji ni printa yenye weusi wake na vijivu vyake kila kimoja katika chombo chake, na wino wa chembechembe za kaboni, unaokaa juu ya karatasi kama masizi yanavyong'ang'ania sufuria. Na kadi iwe ya pamba, isiyotiwa dawa ya kuing'arisha.

"Itakaa miaka mingapi?" Bwana Viti akauliza.

"Kiwandani wanasema mia," alijibu binti. "Mimi nina ishirini na sita, mzee wangu. Sijui."

Bwana Viti alitoka mle dukani amekunja uso. Aliomba achapishiwe kipande kimoja cha majaribio, akakichukua, lakini moyoni alikwisha kata maneno: muuzaji asiyeijua bidhaa yake si muuzaji.

Bahati nzuri, ukoo wa mkewe ulikuwa na anayejua. Shemeji yake aliuza mashine za ofisini, na tangu aote meno hakuna aliyewahi kumsikia akisema hajui. Alikuja na printa mgongoni mwa pikipiki na chupa za wino wa kujazia, ambazo karatasi zake za jina zilikuwa zimechujuka hazisomeki. Jambo hilo halikumshtua mtu yeyote. Aliulizwa wino wake utadumu miaka mingapi, akasema mia mbili. Bwana Viti alipoinua nyusi, shemeji akapunguza kidogo, akasema tufanye mia na tisini.

Lakini Bwana Viti hakuwa mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Alikuwa mtu wa sayansi. Akachukua vipande vitatu vya kadi: kimoja cha printa yake ya zamani, kimoja cha binti wa dukani, kimoja cha shemeji. Kila kipande akakifunika nusu kwa karatasi ngumu, ili baadaye alinganishe upande ulioona jua na upande ambao haukuliona. Akavibandika sebuleni, kwenye ukuta unaotazamana na dirisha, pale ambapo jua la alasiri huingia bila hodi. Akatangaza kwamba yeyote atakayevigusa atamjua yeye ni nani.

Mkewe alisema hatavigusa. Alikumbusha tu kwamba chini ya vipande hivyo kuna makochi yake mapya, ya kitambaa cha zambarau, na kwamba jua hilohilo litayala. Bwana Viti alimjibu kwamba sayansi inadai kujitoa. Mkewe akanyamaza. Mume aliyeishi na mwanamke huyo muda wote ule alipaswa kujua kunyamaza kwake kuna maana gani.

Basi kila mchana, akishakula, Bwana Viti alitoka kwenda kuchora viti vyake, na jioni akirudi aliinamia vipande vyake kama daktari juu ya mgonjwa mwenye pesa. Hakuna kilichopauka. Mawingu yalipoanza kukusanyika, alibandua zile karatasi ngumu mbele ya mkewe, akalinganisha. Vyote vitatu vilikuwa vyeusi vilevile, nusu kwa nusu, hata kile cha printa ya zamani.

Mwenye chembe ya akili angejiuliza: kama wino wa zamani nao haukupauka, kiti cha mjane kiligeukaje kijani? Bwana Viti alikuwa na jibu. Ni mvuke wa pasi. Fundi cherehani kutwa yumo kwenye mvuke wa pasi, kadi itapona? Alifurahi sana kwa jibu hilo. Akachagua mashine ya shemeji, maana ndiyo iliyokuwa rahisi, akachapisha kadi ya mjane, na kwa kweli ilipendeza macho. Akamwita shemeji aje ashuhudie.

Shemeji alikuja, akakaa kochini, akajipongeza. Akaomba mwanga zaidi ili aione vizuri kazi ya wino wake. Bwana Viti akaenda dirishani, akashika pazia alivute pembeni, na mkono wake ukaishia hapo.

Pazia lilikuwa la bluu ya kuiva. Mgongo wake, upande unaotazama kioo, ulikuwa mweupe kama uliopakwa unga. Haukupauka kwa mistari mistari, kama pazia lililokunjwa pembeni linavyopauka. Ulipauka wote, kutoka ukingo hadi ukingo. Hajui mengi Bwana Viti, lakini kupauka anakujua. Hili lilikuwa pazia lililotandazwa mbele ya jua, alasiri baada ya alasiri. Jaribio lilifanyika, tena kwa ukamilifu, ila lilifanyika kwenye pazia.

Akageuka akamtazama mkewe. Mkewe hakukwepa macho.

"Ukitoka nafunga, ukikaribia kurudi nafungua," alisema. "Makochi haya nimeyatamani tangu nakuzalia watoto wako, mume wangu. Nisingeyachomesha jua kwa ajili ya vipande vitatu vya karatasi."

Shemeji akawahi kusema kwamba hilo linaonyesha tu ubovu wa pazia. Bwana Viti alikaa chini, kwenye zambarau yenyewe. Hasira alikuwa nayo, ila kila alipotaka kuitoa ilimrudia mwenyewe, kwa sababu aliambiwa wazi na hakusikia. Kilichomuuma zaidi ni ile kadi nzuri mkononi. Mvua ya kwanza ilikwisha nyesha, binti wa mjane alikwisha fika, na yeye alikuwa karibu kumpa mama wa watu kiti kingine cha kijani.

Asubuhi yake alikuwa mlangoni pa duka kabla halijafunguliwa. Aliomba achapishiwe kiti cha mjane kwa wino wa masizi, juu ya kadi ya pamba. Hakuuliza miaka. Binti wa duka naye hakumtajia.

Kwa mjane alikuta cherehani imefungwa shuka na mabegi yamesimama mlangoni. Kitu pekee ambacho hakijafungwa ni ile kadi ya zamani, imesimama kwenye ukingo wa dirisha, jua la asubuhi linaipiga usoni. Bwana Viti akauliza kama hapo ndipo inapokaa siku zote.

"Si ndipo alipokuwa anakaa? Yeye nje, mimi ndani," alisema mjane. "Alipenda jua, na kile kikohozi chake. Ningemfungia kwenye droo?"

Mvuke wa pasi ukafa hapohapo. Bwana Viti akamkabidhi kadi mpya. Mjane aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na macho, na kidole gumba chake kikatua kwenye mguu wenye waya. Alisema waya ule aliufunga yeye, siku mumewe alipoanguka na kiti chake, wakacheka mpaka wateja wakaondoka. Kisha akauliza kama hii itahimili jua.

Maneno yote ya shemeji yalimjaa Bwana Viti mdomoni, mia mbili, mia na tisini. Akayameza.

"Sijui, mama," alisema. "Wanasema itahimili. Nilifanya jaribio, likaharibika."

Akamsimulia habari ya pazia, bila kujipunguzia kitu. Mjane alianza kutabasamu yalipotajwa makochi ya zambarau, na walipofika kwenye mgongo wa pazia alikuwa anacheka na kujifuta macho kwa ncha ya khanga. Binti yake alichungulia kutoka chumba cha pili kuona nani anacheka, maana sauti hiyo hakuwa ameisikia tangu msiba.

"Basi nitaiweka dirishani," alisema mjane. "Kwa binti yangu hakuna makochi. Ikipauka nitakwambia."

Bwana Viti akaomba arudishiwe ile ya kijani. Alitaka kuichana, kwa aibu tu. Mjane aliiwahi dirishani, akaziweka zote mbili kwenye mkoba wake.

"Hapana, jirani. Hii ndiyo niliyokaa nayo."

Alirudi nyumbani polepole, hana mchoro mkononi. Sebuleni mashine ya shemeji ilikuwa imeshapata kazi, imebebeshwa chungu cha maua. Makochi yote yalikuwa yamefunikwa mashuka, yamechomekwa vizuri pembeni. Pazia lilikuwa wazi kabisa, na jua lililopenya mawinguni lilianguka ukutani, juu ya vipande vitatu vilivyofunikwa tena nusu, kwa mkono usiozoea kazi hiyo. Mkewe alikuwa anapanga vyombo, hana habari na mtu.

Bwana Viti alisimama katikati ya chumba, akavitazama vile vipande. Akakaa kwenye shuka.

"Sogea kidogo," mkewe akamwambia bila kugeuka. "Unaziba jua."