Plagi za Baridi kwa Nchi ya Baridi

Siku yangu ya kwanza kazini nilikatazwa kugusa gari lolote. Msimamizi wa karakana yetu ya Makambako, Mzee Ngailo, alinitazama kuanzia kilemba hadi viatu, akaniwekea mbele kopo lililojaa plagi kuukuu, akasema, "Binti, keti pale uzisome." Nikajua ananidhihaki kwa kuwa mimi ni mwanamke. Nikazigeuzageuza nikitafuta namba zilizochapwa kwenye ile kaure nyeupe. Mzee akacheka mpaka akashika meza. "Siyo namba, we! Soma rangi."

Ndivyo nilivyoingia kwenye ufundi, nyinyi vijana mnaongoja kompyuta iwaambie kila kitu. Kompyuta ni nzuri, sikatai, nami nimeitumia. Lakini plagi huingia ndani ya moto ikatoka na habari. Kazi yake ni kurusha cheche ya kuwasha petroli ndani ya silinda. Ikitoka nyeusi tii kwa masizi, ujue injini inakula mafuta kupita kiasi, au plagi yenyewe haipati joto la kutosha kujisafisha. Ikitoka nyeupe pee na vipele juu yake, injini inaungua. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, funga boneti ukanawe mikono.

Mzee Ngailo hakuishia kwenye rangi. Alikuwa anazinusa! Nilimwona akichomoa plagi ya gari lililokuja kubadilishiwa oili tu, akaipitisha puani, akamwambia mwenye gari, "Injini yako inanyonya maji. Gasketi ya kuzuia maji inavuja." Yule bwana akaondoka akinung'unika kwamba wazee wa Makambako wamezidi. Wiki haijaisha, gari likarudi likivutwa kwa kamba. Mzee hakumcheka. Alimkaribisha kwa chai, kisha akafungua injini. Mpaka leo sijaona fundi wa kumfikia, na nimewaona wengi.

Yeye ndiye aliyenifundisha moto na baridi. Plagi ya moto ina pua ndefu ya kaure, kwa hiyo joto hukaa nayo. Plagi ya baridi ina pua fupi, joto huikimbia upesi likaenda kwenye maji ya injini. Gari pole la kwendea sokoni linataka ya moto, ili masizi yaungue. Gari la mbio linajichoma lenyewe, kwa hiyo linataka ya baridi. Ukiliwekea ya moto, ncha ya plagi inakuwa nyekundu kama kaa la jiko na kuwasha petroli kabla ya wakati wake, na pistoni inatoboka. Mzee alikuwa akisema, "Plagi haijui kama uko Njombe au Dar. Inajua hali ya hewa ya ndani ya silinda tu."

Haya sasa, nenda kawaambie hivyo watu wa kwetu! Nilipohamishiwa karakana ya Njombe ndipo nilipoyaona makubwa. Mwezi wa sita majani yanaamka meupe kwa sakitu, mtu anakwenda ibadani na koti juu ya sweta. Mteja anasimama dirishani: "Fundi, nipe plagi za moto, si unaona baridi hii?" Akiondoka, anakuja jirani yake: "Mimi nipe za baridi, za huku kwetu kwenye baridi." Wote wawili wana uhakika kama wachungaji. Kwa magari madogo tuliwaelewesha taratibu, na aliyekataa kuelewa hakupata hasara kubwa. Kwa gari la mbio hakuna mzaha.

Njombe nilipanda mpaka nikawa Fundi Mkuu, chini ya Meneja mmoja Mpangwa kutoka Ludewa, mtu mpole ambaye sikumsikia akipandisha sauti hata siku moja. Na Njombe ndiko nilikomjua Neema.

Neema ni binti wa Mzee Sanga, mfanyabiashara wa mbao ambaye malori yake yote yalitengenezwa kwetu. Alikuwa akimwandikia baba yake hesabu za mbao, lakini moyo wake ulikuwa kwenye kigari chake cha mbio, kifupi, chenye tabo, yaani ile feni inayoshindilia hewa ndani ya injini. Jamani, yule binti anaendesha! Nimepanda na madereva wa kila namna, wengi wao wanapigana na gari. Neema analisikiliza kwa mgongo. Gari likianza kuteleza tu, yeye tayari ameshalijua, mkono umegeuka bila papara.

Injini yake ya kwanza ilikufa kwa plagi za moto alizowekewa kwingine. Pistoni ilitoboka tundu la kupitisha kidole. Ya pili ilipopatikana, Mzee Sanga akatoa amri: "Hii nayo ikifa, gari nauza chuma chakavu, na wewe unarudi ofisini moja kwa moja." Mashindano ya kupanda mlima katikati ya mashamba ya miti yalikuwa yamekaribia. Neema akaja kwangu, akanisalimu shikamoo, na kabla sijaitikia vizuri machozi yalikuwa yanamlenga. "Mama, nikipoteza injini hii, mimi na kuendesha ndiyo basi tena."

Nikaifanya kazi ile kama ninavyofunga mzigo wa safari ndefu. Kwanza urefu wa uzi wa plagi, zile hesi za kuifungia, maana ukizidi, pistoni itaigonga. Kisha mwanya, ile nafasi ambayo cheche inaruka. Niliubana zaidi ya kawaida, kwa sababu upepo wa tabo huizima cheche kama mshumaa mlangoni. Mwisho, ubaridi. Tukaenda kujaribu kwenye barabara ya shamba. Nikamwambia, "Kanyaga mpaka mwisho. Nikisema zima, kata klachi na uzime papo hapo. Ukiiacha injini ipumue taratibu, plagi inabadili rangi na kutudanganya." Zile za kwanza zilitoka zimepauka. Nikaweka za baridi zaidi, tukarudia, nazo zikatoka chai ya maziwa kabisa.

Tatizo moja likabaki. Plagi ya baridi asubuhi ya Njombe inakohoa, injini inagoma kuamka. Dawa yake ilikuwa ya Mzee Ngailo: unaiamsha injini kwa plagi za moto, maji yakishachemka kidogo unazichomoa haraka na kufunga za baridi. Tuliziita plagi za kuamshia.

Siku ya mashindano ukungu ulikuwa umelala hadi chini. Injini ikaamka kwa zile za moto, ikalia vizuri kama cherehani mpya. Nikashika spana nizibadilishe. Mzee Sanga, ndani ya koti lake kubwa, akaweka mkono juu ya injini.

"Ziache hizo hizo, Fundi. Husikii inavyolia? Huku ni baridi. Hata injini iache ivae sweta."

"Mzee, hizi zitaitoboa pistoni kabla haijafika juu."

"Kwani gari hili ni la nani?" Akamgeukia Meneja, aliyekuwa amekuja nasi. "Malori yangu yote yako kwako, Meneja. Mwambie mtu wako."

Neema alinitazama. Meneja akavua glavu zake pole pole. "Mzee Sanga, malori yako tunayapenda sana. Lakini fundi hapa ni huyu mama." Basi! Kama si heshima ningemkumbatia mbele za watu.

Nikazibadilisha, vidole vikiungua. Injini ikaanza kukohoa, watu wakacheka, mmoja akapiga kelele, "Mmeiua!" Mzee Sanga akaenda kusimama peke yake chini ya miti ya misindano. "Mama?" Neema akaniuliza. Nikamwambia, "Ikanyage. Hii haipendi kubembelezwa."

Akaondoka, ukungu ukammeza. Tukabaki na sauti tu. Ilikohoa kona ya kwanza, ikakohoa ya pili, kisha ikasafika, ikawa sauti moja inayopanda na kupanda mpaka ikapotea nyuma ya mlima. Wa juu wakapiga simu: amefika. Alikuwa wa tatu, lakini mimi nilichokuwa nangoja ni injini irudi ikiwa hai, nayo ilirudi.

Nikachomoa plagi mbele ya wote. Mzee Sanga akaninyang'anya kwa mkono mtupu. "Mayooo!" Ikamponyoka. "Na hii ndiyo mnaita ya baridi?" Watu waliangua kicheko, naye akacheka akipuliza vidole. Kisha akamwambia binti yake, "Mbao zitapata karani mwingine."

Sasa nimestaafu, niko Yakobi na miparachichi yangu. Napenda kuwakumbuka wakubwa wangu: aliyenifundisha kusoma na aliyeamini nilichosoma. Kijana, ukipata bosi mmoja wa aina hiyo maishani, mshukuru Mungu. Mimi nilipata wawili.

Mwaka huu Mzee Sanga alipita kunijulia hali. Tulikunywa chai, tukaongea mambo ya bei za mbao na magoti yanayouma, kisha akavua kofia yake.

"Fundi," akasema, "siku ile nilijua."

"Ulijua nini, mzee?"

"Kwamba plagi zile zitaua injini. Fundi wa ile injini ya kwanza alishanieleza baada ya kuiharibu. Ninaye huyo mtoto mmoja tu. Nilitaka injini ife, yeye abaki."

Nikaweka kikombe chini. Miaka yote hiyo nilikuwa nikisimulia habari za mzee asiyejua moto na baridi. Nikamwuliza, "Na sasa hivi, anapoendesha?"

"Sasa?" Akajifuta macho na kofia yake. "Sasa naombea breki."