Dhahabu ya Baba Neema

Leo mume wangu, Baba Neema, kanyang'anywa dhahabu yake mbele ya macho yangu.

Tulikuwa kwa daktari wa meno hapa Iringa. Daktari mwenyewe binti, makamo ya mjukuu wetu.

"Mjukuu wangu, hapo pembeni nenda taratibu," mzee akamwambia. "Hilo jino ni dhahabu nyeupe ya machimbo ya Chunya."

Miaka ya sabini alikuja kuniposa kwetu Mlandege akicheka hata pasipo cha kuchekesha, ili jino ling'ae. Baba yangu akaona kapata mkwe mwenye mgodi.

Daktari akamulika. "Babu, hili jino lilitoboka, wakaliziba. Hiyo inayong'aa ni dawa ya kuzibia tu."



Mzee akanitazama kwa kuibia.

Nikamwambia, "Baba Neema, mbona najua tangu zamani? Siku ile unazibwa, kabla hujaja kuniposa, nilikuwa nje kwenye benchi, nasubiri zamu yangu. Nilikusikia ukimwita mama yako."

Tangu tutoke huko kafumba mdomo, hata chai anainywea pembeni nisilione jino.

Jamani, mkikutana naye mjini mchekesheni. Iwe dhahabu isiwe dhahabu, mimi nimezoea kuiona.