Meza Yenye Kitasa

Mume wa Mama Sindano hakuwahi kusema samahani. Si kwamba alikuwa na kiburi. Neno lenyewe lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki, na kila alipojaribu kulitoa alitokwa na jasho, akaishia kuuliza kama chumvi bado ipo. Alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari, na mtaa mzima ulimwita Usitupe, kwa sababu hilo ndilo neno alilolisema kuliko yote. Ukibeba ndoo iliyotoboka kwenda kuitupa, utamsikia nyuma yako: usitupe.

Sasa mwanamume asiyejua kuomba radhi akimwoa mwanamke asiyejua kunyamaza, nyumba hujaa kitu. Yao ilijaa samani.

Ile saa ya ukutani, kwa mfano, ilianza maisha ikiwa sufuria. Walikuwa bado wachanga katika ndoa. Usitupe alichelewa gereji bila kutuma neno, maharage yakamngoja jikoni mpaka yakaungua, na mkewe akatupa nje sufuria pamoja na maharage yake. Walilala mzungu wa nne. Siku chache baadaye mume akaingia na kitu kimefunikwa gunia, akakitundika ukutani, akaenda kunawa mikono bila kugeuka nyuma. Ilikuwa sufuria ileile, imesuguliwa kwa nje, lakini ule weusi wa ndani ameuacha kama ulivyo, na mishale yake ni kijiko cha chai na kijiko cha mezani. Saa yenyewe ilikuwa ikichelewa kidogo, kama aliyeitengeneza. Mama Sindano akaitazama, akaendelea kununa kidogo kwa ajili ya heshima, kisha akaanza kuitumia. Hapo ndipo sheria yao ilipozaliwa, na hakuna aliyeitamka: kila kitu kilitengenezwa kwa kipande cha ugomvi wenyewe, na ukikitumia, umesamehe.

Basi pasi ya mkaa ya mkewe, ambayo Usitupe alimwazima rafiki yake ikarudi bila mpini, iligeuka taa, ikawa inamwaga mwanga ukutani kupitia matundu yake ya pembeni. Gurudumu la baiskeli iliyomwangusha mkewe matopeni na gauni jipya likalazwa chini ya dari ya jiko, likaning'inizwa vikaango. Na kabati la vikombe lilikuwa mlango wa gari. Siku moja Usitupe aliahidi kwenda kumchukua mkewe kwa dada yake, akazama kwenye kazi ya gari moja bovu, akasahau. Mama wa watu alirudi kwa miguu, viatu mkononi. Gari lile lilipochinjwa likawa vipuri, mlango wake ukaja nyumbani. Ukitaka kikombe unazungusha mkono, kioo kinashuka; ukimaliza unazungusha tena, kinapanda. Kwa hilo Mama Sindano aligoma kweli. Alinywea chai kwenye bakuli asubuhi nyingi, mpaka kicheko kikamshinda nguvu.

Kitu kimoja tu ndani ya nyumba kilikuwa cha kawaida, nacho ni meza yake ya kukatia nguo. Alikuwa fundi cherehani, na meza ile ilikuwa pana, imara, ya miguu minne inayofanana. Alimwambia mumewe mapema kabisa kwamba siku msumeno utakapoigusa, yeye na yeye basi. Usitupe aliizunguka kwa macho ya tamaa miaka yote ya ndoa, lakini hakuigusa.

Wageni waliingia wakaona vituko. Mama Sindano aliona ndoa yake. Binti yao wa pekee, akiwa na umri ule ambao mtoto huona aibu hata kwa jinsi mama yake anavyotembea, aliona jalala.

Alileta wenzake wa shule kunywa chai. Kioo cha kabati kikakwama nusu, binti akazungusha, kikalia, na wenzake wakacheka mpaka wakakaa chini. Kesho yake shuleni jina lake lilikuwa Gereji. Alirudi nyumbani analia, akamwambia baba yake usoni kwamba nyumba hii ni jalala na yeye amechoka kuishi jalalani. Na Usitupe, mtu mpole ambaye hasira zake zilikuwa kama mvua ya kiangazi, siku hiyo zilimnyeshea pabaya. Alimwambia, "Kama hapa ni jalala, basi tafuta kwenu." Binti akaingia chumbani, akaubamiza mlango mpaka ubao ukapasuka toka juu hadi chini. Mama Sindano alikuwa amekaa mezani pake na mkasi mkononi. Hakusema kitu, yeye mwenye mdomo wote ule.

Baada ya hapo mlango mwingine ulipachikwa, binti akaenda kusoma mbali, akawa mtaalamu wa kupima watu macho. Akija nyumbani, yeye na baba yake walizungumza kama watu waliokutana kwenye foleni. Shikamoo, marahaba. Kazi vipi, kazi nzuri. Mama Sindano alingoja Usitupe aingie na kitu kimefunikwa gunia kwa ajili ya mtoto wake. Hakuingia nacho, mpaka moyo wake ukasimama bandani, akiwa na randa mkononi.

Chini ya turubai mle bandani alikuwa ameacha kazi moja haijaisha. Ilikuwa meza, au ilitaka kuwa meza: uso mrefu wa mbao, umepigwa randa ukalainika, na mstari mmoja mpana uliozibwa kwa lile tope la kuzibia mabonde ya bodi za magari. Miguu ilikuwa mitatu, kila mmoja na ukoo wake, na upande wa nne ulipumzika juu ya mawe. Na karibu na ukingo, bila sababu yoyote duniani, kulikuwa na kitasa cha mlango kilichosimama wima kama kitovu.

Kitu hicho kilimnyima Mama Sindano amani kuliko msiba wenyewe. Aliijua sheria. Ile ilikuwa samahani, ya mwisho, na yeye hakujua ni ya nini. Aliupekua ugomvi wao wote kama mtu anayetafuta sindano kwenye mabaki ya vitambaa. Je, ni siku alipomfungia nje? Ni ule ufunguo uliopotea? Hakuna kilicholingana. Na kitu usichojua kimetengenezwa kwa kosa gani, unawezaje kukitumia? Kwa hiyo hakuweka juu yake hata kikombe. Usitupe alikuwa amekufa bila kusamehewa, hivyo ndivyo alivyoona, na iliuma.

Ndipo magoti yakamkatalia kazi. Binti akasema sasa basi, mama anahamia kwake, ghorofani kuna lifti, na nyumba ile imeshapata mpangaji. Alisema pia, kwa upole, kwamba kwake ni padogo na kuta ni nyeupe, kwa hiyo kitu kimoja tu. Akashauri meza ya kukatia, itakaa vizuri dirishani. Mama akakubali. Angesemaje? Kwamba anataka kitu cha miguu mitatu ambacho hata yeye hakielewi?

Siku ya kuhama, majirani walikuja kurithi. Kinyozi alichukua saa ya sufuria, akisema wateja wake wote huchelewa hata hivyo. Muuza chai aliondoka na kabati, akizungusha kioo njia nzima. Kila kitu kilipotoka Mama Sindano alikumbuka kosa lake, akatabasamu, akaona kumbe hata kuumizwa na mtu yule kulikuwa na utamu wake. Hakulia. Lakini mkokoteni wa mnunua vyuma chakavu ulipokaribia banda, alimwambia binti yake angalau aitoe ile meza yeye mwenyewe, asiitoe mtu baki.

Binti alivuta turubai. Alikishika kitasa, akakizungusha, kikazunguka kama kawaida ya vitasa, akatikisa kichwa. Kisha akainama kuinua upande wa mawe, na akabaki ameinama hivyo hivyo.

"Mama, umewahi kuitazama kwa chini?"

"Kwa magoti gani, mwanangu?"

Binti aliipindua taratibu. Upande wa chini ulikuwa kijani, rangi ya magari, imepakwa na mkono usiojua brashi. Juu ya kijani kulikuwa na nyota nyingi za rangi ya kucha, nyingine zimeanza kubanduka, na misumari miwili pale sare ya shule ilipokuwa ikining'inia. Usitupe alikuwa ameranda upande wa nje, akaziba ufa, akang'arisha. Upande wa ndani, ule wa mtoto, hakuugusa hata kwa ukucha.

"Ni mlango wangu," binti alisema.

Mama Sindano alidhani mlango ule ulishachomwa kuni zamani. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamweleza binti yake ile sheria tangu sufuria hadi gurudumu, na alipokuwa anaeleza alijisikia vibaya kwa jambo ambalo halisemeki mbele ya mtoto: aliona wivu. Samahani zote za maisha yake zilikuwa zake peke yake, na ya mwisho, ile iliyomnyima usingizi, haikuwa yake hata kidogo. Wivu ule ulimkaa kwa muda, kisha ukapoa, na nyuma yake kukaja jambo lingine, zito zaidi. Alikumbuka mkasi mkononi mwake siku ile, na mdomo wake uliofumba.

Akaagiza aitwe seremala wa mtaa wa pili. Alipofika, Mama Sindano alimwonyesha meza yake ya kukatia, akamwambia ang'oe mguu mmoja.

Seremala alidhani hakusikia. Watu wote wa pale walijua habari za meza ile. Binti naye akasema mama, hapana, hiyo ndiyo unayohama nayo. Mama Sindano akamjibu kwamba yeye anahama na hii ya kitasa, na haiwezi kwenda na miguu mitatu kama jiko. Mguu uling'olewa, ukapachikwa. Mnunua vyuma akaondoka na turubai tu, amenuna.

Kule ghorofani meza ilikaa dirishani kati ya kuta nyeupe, na kwa siku nyingi binti aliizunguka. Aliipangusa vumbi, lakini chakula alikula amepakata sahani. Mama aliona. Alikumbuka chai ya kwenye bakuli, akanyamaza, safari hii kwa kukusudia. Mtu hasukumwi kusamehe.

Asubuhi moja isiyo ya kazi, binti akiwa amesimama na kikombe chake, aliuliza kama baba alikaa na hasira ile mpaka mwisho.

Mama Sindano akamsimulia kile ambacho hakuwahi kumwambia. Jioni ile ya ugomvi, Usitupe alikwenda mlangoni kwa mtoto. Alisimama pale muda mrefu, akainua mkono agonge, akaushusha. Akauinua tena. Halafu akaenda bandani.

"Nilimsikia," binti alisema. "Nilisikia ndara zake. Nilikuwa nimekaa kitandani, nangoja aseme hodi tu. Ningefungua."

Wote wawili waliitazama meza. Mama Sindano alijivuta na kiti chake mpaka karibu, akakunja vidole, akagonga ubao mara mbili, pale karibu na kitasa, palepale mkono wa mumewe ulipokuwa umeshindwa.

"Hodi," alisema.

Binti aligeuza uso dirishani. Mama akaangalia mguu wa meza yake ya kukatia ili asimwangalie yeye.

"Karibu, baba," binti alisema, akakiweka kikombe juu ya meza.