Karakana ya Filomena Haikuuzwa

Temeke ya mwaka 1966, redio ikizimika ilipelekwa kwa Filomena. Ufundi alifundishwa na mumewe, na mumewe alipofariki watu walidhani mjane huyo atarudi kwao Masasi. Arobaini ilipopita, akafungua karakana na kuendelea na kazi.

Mwaka huo kampuni moja kubwa ya mjini iliyouza redio ilianza kununua karakana za uswahilini. Ikanunua ya Wilbert kule Magomeni, ikanunua na ya Salumu pale Keko. Mafundi wakachukuliwa kwa mshahara mnono, milango yao ikapigiliwa misumari. Salumu, aliyekuwa hodari kuliko wote, akawekwa stoo kufuta vumbi redio mpya. Kampuni haikuhitaji atengeneze chochote. Ilitaka tu asitengeneze kwingine, ili watu walazimike kununua mpya.

Zamu ya Filomena ikafika. Meneja, Bwana Revelian, alikuja mwenyewe.

"Mama, sema unataka kiasi gani."

"Na wateja wangu waende wapi, baba?"

"Watakuja dukani kwetu."

"Basi siuzi. Karibu chai."

Chai hakunywa. Wiki ileile duka la kampuni, ambalo ndilo pekee lililouza vipuri, likakataa kumhudumia Filomena. Alilia kwa hasira. Kisha akafunga kanga kiunoni, akazunguka mpaka Ukonga na Gongo la Mboto akinunua redio mbovu na kuchomoa vipuri vilivyo vizima. Kazi ikaenda, japo kwa kusuasua.

Jumapili moja Salumu akabisha hodi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Vipi, leo huna sare ya kampuni?"

"Nimewarudishia. Mie fundi, dada. Kule mikono ilikuwa inaoza."

Wilbert naye akaja, na wengine nyuma yake. Mwaka uliofuata, vyama vya ushirika vilipokuwa vikianzishwa kila upande, wakaandikisha chao, Filomena mwenyekiti. Sasa waliagiza vipuri wenyewe, vikashushwa bandarini kwa jina lao.

Bwana Revelian akarudi, safari hii akitaka kununua ushirika mzima. Filomena akawageukia wenzake mbele ya meneja huyo.

"Anayetaka tuuze, anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha. Meneja akavaa kofia yake, akaaga kwa adabu, akaondoka. Salumu akawasha redio zote zilizokuwa mezani kwa mpigo, dansi likasikika mpaka barabarani, na Filomena ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheza.