Muhuri wa Nta

Harufu ya nta ikinipata mahali, hata iwe ya mshumaa wa kanisani tu, damu hunichemka. Nakaa kanisani nikiwa nimekunja ngumi, na watu hudhani nasali kwa bidii.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa ametoka Nairobi juzijuzi kuja kumwendeshea gari tajiri mmoja wa Umm Salal, nje ya Doha kule Qatar, na tajiri huyo ndiye aliyetudhamini mimi na Mama kuishi Doha. Angemtimua Baba, sote tungerudi kwetu. Tajiri huyo alikuwa akikusanya hati za kale zenye saini za wafalme na malkia wa Ulaya. Alizitundika ukumbini na kuwaonyesha wageni ipi iliamuru nani akatwe kichwa. Mimi niliona mwandiko mbovu tu, ambao mwalimu wangu asingeuvumilia.

Siku moja Baba alichukua hati mpya ya tajiri uwanja wa ndege, akanipitia shuleni. Madereva wa Doha hushuka na kuacha gari likinguruma, kiyoyozi kikivuma. Mtu wa Nairobi aache gari hivyo, liibiwe? Baba alizima, akafunga milango yote, hati ikiwa ndani, akatia ufunguo mfukoni. Mwalimu akamshika kwa maongezi, jua likiwaka. Tuliporudi, gari zima lilinuka nta. Muhuri wa nta wa ile hati ulikuwa umeyeyuka, ukafunika saini ya mfalme.

Tajiri alipoifungua hati ukumbini, alichukua bakora, akampiga Baba begani, kisha usoni. Damu ikadondoka sakafuni.

"Pole, bosi. Ni makosa yangu," Baba alisema, mikono nyuma.

Nilimchukia kwa kusimama vile. Nikamrukia tajiri, nikamuuma mkono mpaka nikaonja damu. Alipiga kelele, akajinasua, akainua bakora.

Hapo Baba akanizaba kofi lililoniangusha chini.

"Mtoto mjinga! Toka! Enda kwa gari!"

Hakuwahi kunipiga kabla ya hapo, wala baadaye. Tajiri alitutazama, akashusha bakora taratibu.

Baba alibaki na kazi yake. Mimi nilimnunia Baba kwa miezi, nikiamini alimchagua bosi wake. Nilikuwa mama mwenyewe nilipoelewa kwamba bakora ile ilikuwa inakuja kichwani kwangu. Kupigwa ningepigwa tu. Baba aliwahi ili anipige yeye.