Mlango wa Landi

Ile reli ndogo ya mashambani, upande wa Nanyuki, ilipofungwa, mume wangu peke yake ndiye hakukubali. Alikuwa nyapara wa genge la kutengeneza reli, na tulipohamia mjini, mtaa wa Bulla Pesa, alikuja na bendera zake mbili, nyekundu na kijani, akazitundika ukutani. Nyumba za wengine zilikuwa na picha ya Maka. Yetu ilikuwa na bendera za treni.

Miaka ya themanini tukasikia vyuma vinang'olewa. Mzee akasema lazima apigwe picha huko kabla hakujaisha. Akamchukua mpiga picha wa mtaani, yule wa picha za kitambulisho, na filamu ya picha kumi na mbili. Nikasema na mimi naenda.

"Kufanya nini?"

"Nataka picha moja tu. Ya mlango wetu wa landi."

Landi ndizo zile nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba kimoja kimoja, mlango wa bati. Ni huko mke wa karani alinifundisha kuandika kwa makaa, mimi ambaye shule niliipita nikienda kisimani. Siku nilipoweza jina langu lote, nikalichora kwa msumari kwenye mlango, mwisho hadi mwisho. Mzee aliporudi kazini akasema mbuzi wamekwaruza. Tangu hapo, kila ofisi tuliyoingia alinitangulia: "Huyu atatia kidole." Majina ya genge zima nayakumbuka, na ya wake zao, na ya mbuzi wao. Langu tu ndilo halikuandikika.

Tukapanda lori la ng'ombe. Huko nyasi zilikuwa zimefika kiunoni. Mpiga picha akasimama katikati ya reli.

"Toka hapo!" mzee akafoka. "Utagongwa!"

"Mzee, kuna mti umeota hapa katikati."

"Mti haujui ratiba!"

Akapigwa picha ameshika bendera ya kijani. Akapigwa ameshika ile nyekundu. Akapigwa ameinama, sikio kwenye reli, anasikiliza treni. Sijui alisikia nini, labda siafu. Akapigwa juu ya daraja, kisha chini yake, lisije likamnung'unikia. Mimi nilikuwa nahesabu.

Landi haikuwa na paa tena, lakini mlango ulikuwa umesimama. Kutu ilikuwa imeula, na jina bado lipo, herufi moja imetazama nyuma.

"Imebaki moja, mama," mpiga picha akasema.

"Basi piga mlango."

Mzee akanyoosha kofia, akaenda kusimama mbele yake. "Mlango mtupu ataangalia nani?" Kamera ikalia.

Picha ya kumi na mbili ilitoka na bega pana la nyapara, na nyuma yake herufi mbili za mwisho za jina langu. Alimwonyesha kila mgeni: "Mlango wa landi yangu huo."

Siku moja nikachukua kalamu ya mtoto, nikaigeuza hiyo picha, nikaandika jina lote nyuma, yeye amekaa hapo anatazama. Akaisoma kwa muda mrefu.

"Nani alikufundisha?"

"Mbuzi," nikasema.

Ofisi iliyofuata, karani akanisukumia kile kikopo cha wino wa kidole. Mzee akakirudisha.

"Andika basi, mama watoto. Na haraka, watu wanangoja."