Dunia Niliyoiweka Juu ya Gramafoni

Kama bado kuna mtu kati ya Thika na Ruiru ambaye hajasikia kwamba ni mimi niliyempiga mama mkwe kwa ugali, heri asikie kutoka kwangu, maana Barasa akisimulia huongeza chumvi, na Barasa huyo (namtaja makusudi, hata akinuna) ndiye mwenye makosa.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Emagensi, ile hali ya hatari ya Wazungu, mimi nikikata mkonge Thika na yeye akiwa karani hapo hapo. Nilimtaka Nekesa, binti wa mzee Makokha, nyapara wa shamba la kahawa Ruiru, Mluhya mwenzetu, lakini mzee alisema hampi binti yake mtu asiyejua kitu ila panga. Barasa akaenda kunisemea, akamwambia mimi ni mtu wa vitabu. (Niliacha shule darasa la pili, na hilo la pili nililisoma mara mbili.)

Jumapili ya kwenda kula kwao, tukiwa njiani na baiskeli, Barasa akanipa somo ili nisikae kama kisiki. Alikuwa amesoma gazetini kwamba wataalamu wanabishana mwezi ulitoka wapi. Wengine wanasema dunia ilipokuwa laini kama uji mzito ilizunguka mbio mpaka kipande kikachomoka, ndio mwezi; wengine wanasema hapana, mwezi ulikuwa unapita na njia zake, dunia ikaunasa; na wengine, kwamba viliumbika pamoja kama mapacha.

"Wewe sema hiyo ya kwanza," akaniambia, "halafu nyamaza."

Ningenyamaza. Lakini saa kumi tukiwa mezani mwezi ulikuwa umetokea mchana, mweupe juu ya kahawa, na mzee akauona dirishani.

"Msomi, huo unatafuta nini mchana?"

Nikasema ulichomoka duniani.

"Ulichomokaje? Niko hapa duniani miaka yote hii, sijaona kitu kikichomoka."

Barasa akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikadhani ananitia moyo.

Kwenye kona kulikuwa na gramafoni ya mzee, fahari ya shamba zima. Nikaomba ruhusa, nikaondoa santuri, nikamega ugali wa ngumi mbili nikauweka pale panapozunguka, nikazungusha mpini mpaka ukakataa, nikaachilia. "Hii ndiyo dunia," nikasema.

Dunia ilizunguka mara tatu hivi kwa adabu, hata mzee akainama kuangalia. Halafu ikateleza (ilikuwa na mchuzi chini), ikaruka, ikapita pengo la pazia la jikoni, na nyuma ya pazia alikuwa amesimama mama yake Nekesa, anasikiliza. Ikamkaa shavuni.

Na kwetu sisi Waluhya, mkwe hamsogelei mama mkwe, hampi mkono, wala hali mbele yake. Ningetoroka hapo ningekuwa na kosa moja. Lakini nikakimbia na kitambaa changu nikampangusa uso, kwa mkono wangu huu. Mama akapiga ukunga. Nekesa akaketi sakafuni kwa kicheko. Barasa akasema, "Mimi huyu simjui."

Nikaokota kofia, nikijua Nekesa nimeshamkosa. Mzee alikuwa anatokwa na machozi, nikadhani ni hasira.

"Ngoja," akasema akijifuta. "Hao wataalamu wengine wanasemaje?"

Nikamwambia, kichwa chini, ile ya kupita na kunaswa.

"Hiyo ndiyo ya kweli. Wewe ulikuwa unapita na baiskeli yako, sasa umenaswa. Utaleta kondoo wa kuondoa hii aibu ya mama, halafu utamwoa huyu anayecheka, maana hakuna mwingine Ruiru atakayekupikia ugali baada ya leo."

Sauti ya mama ikatoka nyuma ya pazia: "Na aupike mgumu."

Kondoo nilileta. Barasa hakuchangia hata kamba yake. Tangu hapo sijagusa gramafoni ya mtu, na nikiulizwa mambo ya wataalamu nasema sijui, ingawa najua. Ila mwezi ukitokea mchana, Nekesa huvuta sahani ya ugali upande wake wa meza, nami huweka mikono magotini, nikingoja aanze kucheka.